Shemeji, Kiatu na Siafu wa Isecheno

Nyumbani kwetu mkoba wangu wa mgongoni unaitwa "kioski". Aliyeupa jina hilo ni shemeji yangu, Baba Achieng', mtu wa Kisumu anayeamini kwamba mwanamume kamili hutembea na simu, pochi na ufunguo wa gari, basi. Kila tukitoka pamoja huniuliza kwa sauti ya kufika hadi ng'ambo ya barabara: "Kioski, leo mna mkate?"

Simjibu. Mkoba wenyewe ukiondoa maji haufiki kilo mbili. Mna leso ya pamba, kubwa, yaani kanga. Mna tepu ya kijivu, ile pana ya mafundi wa mabomba, ila sibebi yote: nimezungusha mita mbili hivi kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda, ikawa bapa, inakaa mfukoni bila kelele. Mna vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, urefu wa mkono mzima. Fundi wa baiskeli atakupa bure na kukushukuru kwa kumpunguzia takataka. Tyubu hufunga kiatu, hufunga mzigo kwenye bodaboda, na kuni zikilowa, kipande chake kitawaka mpaka zikubali. Halafu kuna vidogovidogo: sindano nene na uzi wa viatu, pini, kibanio cha miiba, plasta, bandeji, kipande cha sabuni, vidonge vya mzio, filimbi, kiberiti. Kuna pia kikaratasi chenye sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko, cha kukorogwa katika lita moja ya maji safi tumbo la mtu likifunguka njiani.

Na supagluu. Hiyo ndiyo iliyotuletea mambo.

Tulikuwa tunampeleka Mama kutembea katika msitu wa Kakamega. Mama alizaliwa si mbali na hapo, lakini maisha yake yote aliingia msituni kuokota kuni tu, akitazama chini. Safari hii alitaka kutazama juu. Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kama kilomita 50. Unakata kulia Khayega kabla hujafika mjini, unapita Shinyalu, unatokea Isecheno, kwenye kituo cha msitu. Mpango ulikuwa kupanda kilima cha Lirhanda, ambako kuna shimo refu lililochimbwa na watafuta dhahabu miaka ya 1930, wakati Kakamega ilipovamiwa na Wazungu wenye sururu na matumaini. Siku hizi wakazi wake ni popo.

Shemeji alikuja na suruali nyeupe. Nyeupe kabisa, ya harusi. Miguuni alivaa viatu vya kupandia milima, vinang'aa. Mwongozaji wetu, kijana mpole wa maneno machache, akavitazama.

"Viatu vizuri, mzee. Umekaa navyo sana?"

"Miaka! Na sijavivaa hata mara mbili. Niliviweka kabatini kwa heshima."

"Ndiyo maana nimeuliza," akasema, akatangulia.

Nilimwelewa. Viatu vingi vya aina hiyo vina tabaka la povu la polyuretheni kwenye soli, na povu hilo hunywa unyevu wa hewa na kumong'onyoka polepole hata kama hujapiga hatua moja. Ukikaa karibu na ziwa, kabati ndiyo kaburi lake. Ngozi ya juu itabaki inang'aa, na chini mnaoza.

Hatukufika nusu ya njia. Soli ya kulia ilifunguka kuanzia kidoleni ikaanza kupiga makofi: pa, pa, pa. Mbega wakaacha kula wakatusikiliza. Mama na dada yangu walikuwa nyuma kidogo, wanaenda taratibu, sauti zao zinasikika kwenye kona. Nikatoa tyubu.

"Nifunge kiatu kwa tyubu, mbele ya mama mkwe?" Shemeji alinong'ona kama mtu aliyetukanwa. Nieleze jambo hapa. Kwetu mkwe na mama mkwe ni watu wa kuheshimiana kwa umbali. Kushikana mikono tu ni mjadala. Baba Achieng' ameoa kwetu na anaijua heshima hiyo, tena anaitilia chumvi. Hajawahi kupiga chafya mbele ya Mama.

Jicho lake likaangukia supagluu. Nikamwambia haifai: inataka sehemu mbili ngumu, safi na kavu, zinazokutana barabara, na tone moja tu. Soli inayomong'onyoka na yenye tope haina hata sifa moja kati ya hizo. Lakini alikwisha vua kiatu, akaegemea mti kwa bega, mguu wa kulia ndani ya soksi ameukunja hewani, kiatu mkononi. Mdomo wa tyubu ya gundi hutobolewa kwa pini. Yeye aliung'ata. Kisha akakamua yote.

Ikamwagika vidoleni. Akaipangusa kwa leso ya mfukoni ya pamba, na leso ikatoa moshi.

Hilo si mazingaombwe. Gundi ya aina hiyo ikikutana na pamba nyingi hukauka ghafla na kutoa joto la kuweza kuunguza ngozi. Ndiyo maana huvai glavu za pamba ukiifanyia kazi, wala huipangusi kwa kitambaa. Akaitupa leso haraka, hilo alifanya vizuri. Ila kidole gumba na viwili vya jirani vilikuwa vimeshikana na kiatu, na katika kurusha ile leso alipoteza mhimili, akaushusha chini mguu wenye soksi.

"Mzee," mwongozaji akasema kwa upole, "usisimame hapo."

"Kwa nini?"

Siafu walikuwa wanavuka njia, ukanda mweusi wa upana wa kiganja, wanang'aa baada ya mvua ya usiku. Hawaoni, vipofu wote, lakini mtikisiko wa mguu wanausoma vizuri kuliko sisi tunavyosoma ujumbe wa simu. Kuwakwepa ni rahisi: unaruka ukanda kwa hatua moja ndefu, na ukishawagusa unatoka pale mita kadhaa ndipo uanze kujitazama, kwa maana hawakukimbizi. Tena unachomeka suruali ndani ya soksi kabla ya kuingia msituni. Mwongozaji alishatuambia tufanye hivyo. Suruali nyeupe ya harusi haichomekwi.

Shemeji hakutoka pale. Alisimama anauliza "kwa nini" mara ya pili, na jibu likaanza kupanda. Walipofika gotini uso wake ulibadilika. Walipopita goti, alitoa sauti ambayo mwongozaji baadaye alisema anamjua ndege mmoja tu mwenye nayo.

Nilimvuta kando. Mkanda wake ulikuwa wa kufunguliwa kwa mikono miwili, na yeye alikuwa na mmoja, wa pili ni kiatu. Nikafungua mimi. Kila alipojikung'uta kwa mkono wa kulia, kiatu kilinipiga kichwani. Suruali ikashuka. Ndani alivaa boksa lenye mioyo midogo myekundu, bila shaka zawadi ya dada yangu, habari ambayo ningeishi salama bila kuijua.

"Dada!" nikapaza sauti. "Mshike Mama huko huko! Msije!"

Ukitaka mwanamke wa kwetu aje mbio, mwambie asije. Nyayo zikaanza kukaribia.

Leso ilitoka mkobani kabla sijafikiri. Mwongozaji akashika ncha mbili, mimi mbili, tukamzungushia kiunoni, fundo ubavuni. Alikuwa amesitirika, au karibu, Mama alipotokea kwenye kona. Akasimama. Akageuka kuutazama mti mrefu wa upande wa pili, kwa makini makubwa, kama mtu anayetaka kuununua.

Siafu hatolewi kwa kupanguswa. Meno ya askari yakishazama, ukivuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kinauma kana kwamba hakijapata habari. Unakishika kichwa chenyewe kwa kibanio, karibu na ngozi, unavuta moja kwa moja. Tulifanya hivyo mguu kwa mguu, chini ya leso, kwa adabu. Halafu maji na sabuni, kitambaa cha maji baridi, na kidonge cha mzio. Mdomo au macho yangevimba, au pumzi ingebana, tungegeuza gari kwenda hospitali. Hakikuvimba kitu ila hadhi.

Kiatu kikabaki mkononi. Shemeji alitaka kukinyakua kwa nguvu. Nikamzuia, maana kinachotoka hapo ni ngozi. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uvumilivu. Bahati dada alikuwa na dawa ya kutoa rangi ya kucha, ile yenye asetoni. Isiyo na asetoni haisaidii. Tukadondosha tone moja moja kwenye kingo, mbali na moto, huku akiviringisha kidole taratibu badala ya kuvuta. Kidole gumba kilitoka cha kwanza. Wengine tulimaliza chupa ya chai vile vingine viwili vikifikiria.

Safari hii tyubu aliikubali bila neno. Kipande kimoja hupita chini ya sehemu pana ya wayo, kinapishana juu kwa umbo la nane, kinazunguka nyuma ya kisigino na kurudi; fundo hukaa juu au pembeni, chini litaliwa na mawe. Tepu haikufaa kitu, kwenye tope haishiki. Nikakifunga na kiatu cha kushoto kabisa. "Hiki ni kizima," akasema. Kwenye mteremko wa kwanza soli yake ilifunguka, ikabaki imeshikwa na tyubu.

Suruali tuliigeuza ndani nje tukaitundika tawini, lakini siafu waliojificha kwenye mishono hawakuwa na haraka, kwa hiyo Shemeji akapanda Lirhanda kwa leso. Alitangulia ili asitazamwe usoni. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba leso ina jina, na kwa jinsi tulivyoifunga, maandishi yalikuwa yamekaa nyuma, pale pale.

Mama alitoa miwani. Alisoma taratibu, kwa sauti, neno baada ya neno: "Nilidhani... dhahabu... kumbe... adhabu."

Tulikuwa tumefika mlangoni pa shimo. "Wale Wazungu wangeinunua hiyo," akasema mwongozaji, na popo wachache wakatoka.

Shemeji hakugeuka. Aliuliza ukutani, kwa heshima zote: "Mama, kule chini... hukuona kitu?"

"Sikuona kitu, Baba Achieng'," Mama akajibu, akikunja miwani yake. "Lakini kwa hicho ambacho sikukiona, utaniletea mbuzi."