Mama, tuandikie

Kikao cha idara yetu huanza saa nane mchana. Mkuu wa idara akishafungua kwa sala, kaunta buku la muhtasari linaanza safari. Linampita Dokta wa kwanza, linampita wa pili, linampita hata kijana aliyeajiriwa Novemba, linatua mbele yangu. "Mama, tuandikie. Wewe una mwandiko mzuri."

Wao ni Dokta, mimi ni Mama, na shahada ya uzamivu tunayo sote. Neno lenyewe silichukii. Hapa Moshi kuitwa mama ni heshima, na mwanafunzi aliyekwama ada akibisha ofisini kwangu, hilo "shikamoo mama" ndilo linalomfungua mdomo. Ila mama hakatai kazi, na hilo wanalijua.

Mwaka jana nilijaza fomu ya kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi. Kwa hasira nikafungua yale madaftari na kuhesabu: mihtasari 37 kwa miaka mitatu. Na mingi ilikuwa imerudishwa kwangu kwa sababu ya nukta na mkato! Sijataja kamati ya mahafali, malezi ya wanafunzi, wala ule ugeni wa ukaguzi ambao vitumbua vyake niliviagiza mimi (nani mwingine?). Kwenye fomu, machapisho yana ukurasa mzima, na hapo nilikuwa na makala mbili. Mwenzangu tuliyeripoti naye kazini siku moja alikuwa na sita. Sasa yeye ni mwandamizi. Sisemi kapendelewa, kazi kaifanya. Nauliza tu nani alikuwa anaandika muhtasari wakati yeye anaandika makala.

Mjadala wa kwa nini wanawake tunachelewa kupanda vyeo ukianza, watu hukimbilia uzazi. Kweli, sheria ya ajira ya 2004 inampa mama siku 84 na baba siku tatu, na hapo unajua nani ataamka usiku. Lakini wangu wa mwisho yuko darasa la sita. Kinachonirudisha nyuma leo si mtoto.

Mwaka 2017 Linda Babcock, mchumi wa Marekani, na wenzake walichapisha majaribio kuhusu kazi za aina hii, zile ambazo kila mtu anataka zifanyike lakini zisifanywe na yeye. Kwenye vikundi vya mchanganyiko, wanawake walijitolea zaidi. Wanaume walipowekwa peke yao, walijitolea sawasawa na wanawake waliokuwa peke yao. Yaani wanaweza. Wakimwona mwanamke chumbani, wanamsubiri. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu ofisini, maana nilikiona kikao chetu hivi hivi.

Mwenzangu mmoja ana jibu lake: "Wanawake hamwombi vyeo." Ana hoja. Donna Strickland alipopata Nobeli ya fizikia mwaka 2018 kwa kazi yake ya leza, alikuwa bado profesa mshiriki huko Waterloo, Kanada, na alisema mwenyewe kwamba hakuwahi kuomba uprofesa kamili. Lakini yeye alikuwa na leza mkononi. Mimi niombe kwa mihtasari 37?

Nimependekeza zamu. Majina kwa alfabeti, kila kikao mtu wake, na kazi hizi zipewe alama kwenye fomu kama zinavyopewa makala. Mkuu wa idara alisema ni wazo zuri, tutalijadili. Nikaliandika mwenyewe kwenye muhtasari.

Kikao kilichofuata nilichelewa makusudi. Nilikaa kantini, nikamaliza chai yangu taratibu, chapati nayo. Nilipoingia, kaunta buku lilikuwa kwa kijana wa Novemba, jasho linamtoka. Muhtasari wake ulikuja nusu ukurasa, na jina la mkuu wa idara alilikosea. Uliposomwa mwezi uliofuata, ulithibitishwa bila marekebisho.