Leo bastola, kesho bunduki!

Jamani, mwenye silaha Marekani ashike lipi? Mtutu ule ule wa inchi 10, risasi zile zile. Funga nyuma kiegemeo cha mkono: bastola. Funga kitako cha bega: tayari ni bunduki ya mtutu mfupi, maana haujafika inchi 16. Sheria ya 1934 hiyo, na usipoisajili ni jela hadi miaka 10!

Na hicho kiegemeo? 2012 ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, wakakikubali. 2015 wakasema ukikiweka begani umeunda silaha nyingine. Silaha ibadilike kwa kuinua kiwiko? 2017 wakalegeza. 2023 wakaleta kanuni ya kuzigeuza mamilioni ya bastola kuwa bunduki, na 2024 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaifuta. Nani ana pumzi ya kufuata hayo?

Anayesajili naye ana yake: Fomu 1 ya kuomba idhini ya kuiunda, alama za vidole, picha, jina la mtengenezaji kuchongwa kwenye chuma. Kodi ya dola 200 imekuwa sifuri tangu Januari 2026, lakini makaratasi yako pale pale. Unavuka jimbo? Ruhusa kwanza, Fomu 5320.20. Bastola haidaiwi hiyo! Na kitako usikifunge kabla idhini haijafika, hata kwa kujaribu tu.