Fundi mitambo alidhani spika imeungua

Mimi sauti yangu nyembamba jamani, tuelewane mapema. Nikimpigia simu mtu asiyenijua najibiwa "sawa dada nimekuelewa" na siku hizi hata sibishi, naeleza shida yangu nakata. Kwenye kwaya waliniweka safu ya alto na akina mama, mwalimu akasema ni kwa muda tu sauti ikikomaa atanihamisha, sasa hivi nina ndevu na bado niko alto. Kimo nacho ndo hivyo tena, nikisimama nyuma ya mimbari mnaona paji la uso na Biblia.

Sasa mchungaji si akanifuata baada ya mazoezi, "Kijana wangu, Jumapili ya vijana utahubiri wewe." Nikasema amina mchungaji, tumbo limeshaanza kunguruma. Shida haikuwa neno, neno nalijua, shida ilikuwa wale jamaa wa viti vya nyuma ambao mimi nikisimama kutoa tangazo tu wanaangaliana. Nikasema safari hii watanikoma, wataondoka wanasema kumbe dogo ni moto.

Basi wiki nzima ni kuangalia klipu za wahubiri wenye ile sauti ya mkwaruzo, mnaijua, mtu akisema haleluya vioo vinatetemeka. Najifungia bafuni najifua. Dada yangu akagonga, "We unaumwa?" Nikamwambia nafanya mazoezi ya kuhubiri. Akanyamaza kidogo, "Sasa anayekoroma humo ni nani?"

Suti nikaazima kwa shemeji, na shem ni pande la mtu, koti lake likinikaa mikono inameza vidole, suruali tukaikunja pindo kwa pini, viatu nikavijaza magazeti huko mbele mpaka nikahisi vimenikamata. Dada akaniangalia juu mpaka chini akasema mdogo wangu leo utaumbuka. Nikaona wivu huo.

Na somo nililochagua sasa, hapa ndo mjue Mungu ana utani. 1 Samweli 17, Daudi na Goliathi. Nililipendea lile jitu, dhiraa sita na shibiri, karibu mita tatu hizo, na deraya ya shaba ya shekeli 5000, kama kilo 57 hivi, yaani kavaa mtu mzima mwingine kifuani. Nikajua vitu vizito namna hii vinataka mkwaruzo, hapa nitatamba.

Nikashika maiki nikashusha BWANA ASIFIWEEE, ikatoka sauti ya trekta linalokataa kuwaka. Watu wakaitikia amina ya wasiwasi. Nikaendelea. Kule nyuma nikamwona fundi mitambo kainuka, anazungusha vile vitufe vyake, anainama anaangalia waya, anainuka. Nikipandisha mkwaruzo yeye anashusha kitu. Mwisho akaja mpaka mbele, kajikunja kwa heshima zote, akanichukulia maiki katikati ya sentensi, akaigongagonga, akapuliza, "tesi, tesi, moja mbili", inatoka safi kabisa. Akanirudishia. Nikasema "Goliathi akasimama" na mkwaruzo uleule. Akaleta maiki nyingine. Uleule. Ndo akageukia mbele walipokaa wazee, maiki bado iko mkononi kwake na iko hewani, "Mchungaji samahani, hii spika ya kulia imeungua."

Mchungaji akasema, "Sio spika. Ni yeye."

Viti vya nyuma huko walishalala chini. Lakini mimi kichwa ngumu, nikasonga mpaka mstari wa 38, na wanaolijua somo mshaanza kucheka. Sauli anamvika Daudi nguo zake, kofia ya shaba, deraya, Daudi anajifunga na upanga juu yake, na huyo Sauli ukisoma sura ya 9 alikuwa mrefu hatari, watu wote wanamfikia mabegani. Daudi anajaribu kutembea. Nikasema ngoja niigize nichangamshe kanisa. Nikapiga hatua kubwa ya mtu aliyevaa shaba, mguu ukaenda, kiatu kikabaki palepale kikiangalia waumini na gazeti limechungulia. Mguu wa pili ukakanyaga pindo, pini zikaachia, nikashika mimbari na yenyewe ikaja, koti la shem likalia mgongoni praaaa toka shingoni mpaka kiunoni. Biblia niliidaka. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu, Biblia haikugusa chini.

Nikapiga yowe, "Mamaaa!", kwa sauti yangu mwenyewe, nyembamba safi, hata waliokuwa nje kwenye magari waliisikia.

Fundi mitambo akaruka kwenye kiti, "Hapohapo! Imekaa! Usiguse kitu!"

Kanisa likaisha kwa kicheko. Na bibi mmoja anayekaga kiti cha kwanza kabisa akaniambia taratibu mjukuu wangu endelea na hiyohiyo, tangu umeanza sijaambulia hata neno. Sasa ningefanyaje, koti lina milango miwili, kiatu nakiona lakini kukifuata ni aibu nyingine. Nikavua koti na kile kiatu kingine nikabaki na shati na soksi nikasoma mstari wa 39 hivyohivyo, Daudi anasema hawezi kwenda na vitu hivi maana hajavizoea, akavivua. Sikuhitaji kufafanua. Nikawaambia angalieni Sauli hakuwa na ubaya hapo, alimpa cha kifalme kabisa, cha thamani, na Daudi hakukidharau, ila hakikuwa chake, chake kilikuwa fimbo na kombeo na mawe matano laini ya kijitoni, vitu ambavyo hata Goliathi aliona anatukanwa. Halafu Paulo naye akanijia kichwani sijui kutoka wapi, wale Wakorintho walivyokuwa wanamsema kwamba barua zake nzito lakini akija mwenyewe ni dhaifu na kuongea hajui, iko 2 Wakorintho 10:10, nikasema sasa mimi wapendwa hata hiyo barua sijaandika. Wakacheka, na safari hii nilicheka nao, nikahubiri mpaka mwisho na soksi ya kushoto imetoboka kidole.

Baada ya ibada jamaa mmoja wa viti vya nyuma akanifuata. Nikajikaza. Akaniambia kaka tusamehe tumecheka sana, ila matangazo usiache kutoa wewe, huku nyuma spika mbovu miaka yote sauti nzito zinafika zimevurugika, ya kwako ndo tunaipata yote, ndo maana huwa tunaangaliana. Nikabaki namkodolea macho. Yaani bafuni wiki nzima.

Nyumbani dada ndo alikuwa anashona koti. Hakunigombeza, kavuta uzi tu, "Zaburi 139 inasema umeumbwa kwa jinsi ya ajabu ya kutisha. Ya Mungu ilikuwa inatosha, hiyo kutisha nyingine ya bafuni ulikuwa unamuongezea nani?" Shem yeye hakuuliza koti wala kiatu, aliuliza kama kuna aliyerekodi. Walirekodi watatu.

Mchungaji kanipa tena zamu, ibada ya watoto. Nikaenda na shati langu na viatu vyangu, nikakuta watoto wamebanana viti vya mbele ambavyo kila siku tunawabembeleza wavikalie, hadi roho ikafurahi nikasema kumbe neno limewagusa. Nimefungua Biblia tu, mmoja kanyoosha kidole, "Mjomba, kiatu kinatoka saa ngapi?"