Nani Anakutazama Ukimshika Mgonjwa?

Nina marafiki wa aina mbili. Wa nyumbani Tanzania huniambia wanafunzi wa udaktari wa huku Ujerumani wanadekezwa, na kwamba umeme ukikatika, mashine zikalala, hata kupapasa tumbo hawajui. Wenzangu tuliohama pamoja wao husema nyumbani hatukufundishwa: tuliteswa, ujuzi tukauokota njiani. Mimi rotesheni yangu ya mwisho ya magonjwa ya ndani, yaani zamu ya mafunzo wodini, niliifanya nyumbani, mwaka wa tano, wakati ambao mtu anajiona nusu daktari tayari. Sasa nafanya kazi kwenye wodi ya magonjwa ya ndani huku, na kila baada ya miezi michache nakabidhiwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Hao marafiki wote nawapenda, ila ubishi wao naona unapita kando ya jambo lenyewe.

Wa nyumbani wana haki ya kujivunia mikono. Mgonjwa anaingia na kichwa kinachouma wiki mbili, anaishi na VVU, shingo imekakamaa kidogo. Umemklaki asubuhi, yaani umemhoji na kumpima, na kabla ya saa sita umeshika sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo, interni, daktari aliyetoka chuo juzi na bado yuko mafunzoni, amesimama ubavuni kwako. Unapima presha ya yale maji, unayapeleka maabara yakaangaliwe kwa wino wa India, fangasi wa kriptokokasi wanaonekana na duara zao nyeupe kwenye weusi. Kesho yake unarudi kuyatoa tena, maana presha ile ikiachwa kichwani inapofusha na inaua. Mambo hayo mwanafunzi wa huku anayasoma kitabuni tu, na si kosa lake. Wagonjwa wa namna hiyo kwake ni nadra sana.

Halafu kuna raundi kuu. Bingwa mbele, marezidenti (madaktari wanaosomea ubingwa), mainterni, wauguzi, na sisi wanafunzi tumejazana nyuma kama abiria. Unapresenti, yaani unaeleza habari za mgonjwa wako, bila kusoma karatasi. Siku moja nilipresenti mama mmoja anayechoka na kukosa pumzi akipanda ngazi, nikamaliza sehemu ya moyo kwa kusema sauti mbili ni za kawaida, hakuna mlio wa ziada. Kusema kweli nilikuwa nimenakili kwenye faili. Bingwa akamgeuza mama alalie ubavu wa kushoto, akaniambia niweke stetoskopu, nisikilize kwa upande ule mdogo wa kengele. Ikasikika sauti nzito ya chini, kama lori linalopita mbali. Valvu ya mitrali, mlango mmojawapo wa moyo, ilikuwa imebana, matokeo ya homa ya rumatiki ya utotoni. Watu wote wakanitazama. Sauti ile sitaisahau hadi nazikwa, na hapo wenzangu wa nyumbani hupiga makofi: unaona, aibu inafundisha!

Inafundisha, ndiyo. Ila wiki iliyofuata ilinifundisha na kingine. Mgonjwa mwingine, rezidenti ameandika bandama imevimba, mimi nimepapasa mara tatu sijagusa kitu. Zamu yangu ya kupresenti ilipofika sikuthubutu kusema sijaipata. Nikatamka, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, sentimita nne chini ya mbavu. Bingwa akatikisa kichwa kukubali, msafara ukasogea kitanda cha pili. Siku ile nilijua kwamba ukisema kwa ujasiri hakuna atakayerudi kupapasa. Nikamaliza chuo na ujuzi huo pia, nao hauandikwi kwenye cheti.

Sasa huku. Mwaka wa mwisho wa udaktari unaitwa Praktisches Jahr, wiki 48 zilizogawanywa mafungu matatu ya wiki 16. Magonjwa ya ndani ni lazima, upasuaji ni lazima, la tatu mwanafunzi anachagua mwenyewe. Darasani karibu wamemaliza, wamefaulu mtihani wa pili wa taifa, umebaki wa mwisho wa mdomo na wa kitandani. Kwenye karatasi mpango huu ni mzuri kupita wetu. Kwenye wodi, asubuhi inaanza kwa trei ya chupa za damu. Wodi nzima, mkono kwa mkono, wao ndio wanaotoa damu na kuweka kanula za dripu, na mara nyingi raundi inaondoka wakiwa bado chumba cha nne. Nimewahi kupokea mwanafunzi aliyemaliza wiki tatu wodini, mishipa anaipata hata gizani, lakini hakuwa amesikiliza kifua kimoja mbele ya daktari yeyote. Kwa hiyo wanaosema huku kuna mafundisho na kwetu kuna mateso, waje waione ile trei.

Tukio lililonifanya niandike haya lilikuwa kwenye raundi ya mkuu wa idara. Binti mmoja, mwanafunzi, aliulizwa moyo wa mzee wa kitanda cha dirishani aliusikiaje. Akajibu, bila hata kumeza mate: "Nimesikiliza, sikusikia kitu, lakini sina uhakika." Mimi nikashika pumzi kwa niaba yake. Hakuna lililomkuta. Mkuu akasema, "Basi eko itatuonyesha," yaani mashine ya kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, wakasogea.

Nilibaki nimesimama pale kidogo. Mimi nilidanganya, hakuna aliyerudi kupapasa. Yeye alisema kweli, hakuna aliyerudi kusikiliza naye. Na hospitali hii mashine haipungukiwi hata moja.

Baada ya raundi nikamrudisha kitandani. Mzee alikuwa na mlio wa valvu ya aota, ule mkwaruzo unaopanda hadi shingoni, ambao kwa wazee ni wa kawaida sana. Nikamwambia aweke stetoskopu shingoni, mzee ashike pumzi kidogo. Macho yakamtoka. Dakika nne, labda tano, halafu akarudi kwenye chupa zake.

Ningependa nyumbani tuchukue kitu kimoja kutoka huku, na wala hakihitaji siti skani. Kwenye wodi zinazojali, mwanafunzi anapewa wagonjwa wake wawili watatu. Anawapokea, anawafuata kila siku, na siku ya kuruhusiwa anaandika barua ya kwenda kwa daktari wao wa mtaani: alikuja na nini, tulidhani nini, tuliona nini, anaondoka na dawa zipi na kila moja ni ya nini. Daktari wa wodi anaipitia kabla ya kutia saini. Barua ni ngumu kuliko kupresenti. Kwenye raundi unaweza kupita kwa sauti kubwa. Kwenye karatasi, kama hukuelewa kwa nini mgonjwa alipewa dawa ya kupunguza maji mwilini, linaonekana hapohapo. Mimi nyumbani nilikuwa naklaki na kupresenti, halafu mgonjwa anaruhusiwa jioni na interni aliyechoka, na mwisho wa habari yake siujui.

Najua jibu la wa nyumbani: wanafunzi ni wengi, kitanda kimoja kimezungukwa na watu kumi na mbili, bingwa ni mmoja. Sipingi. Lakini si lazima awe bingwa. Interni au rezidenti akimtazama mwanafunzi mmoja, mgonjwa mmoja, kwa dakika kumi kila siku, naye mwanafunzi akiruhusiwa kusema sijaipata bila kuchekwa, ile bandama yangu isingekuwa na sentimita za kubuni.

Na ninyi wa nyumbani msijidanganye kwamba huku mikono yetu inatosha kama pasipoti. Daktari aliyesomea nje ya Ulaya, shahada yake isipohesabiwa kuwa sawa na ya hapa, hukalishwa kwenye mtihani wa ujuzi wenye magonjwa ya ndani na upasuaji, na mgonjwa halisi mbele yake. Wangu niliuingia kifua mbele: nikaangalia kucha, nikagonga mgongo, nikaeleza maji yako kiwango gani kwenye pafu. Nikaulizwa ningeagiza vipimo gani vya damu. Nikataja vinne. Mtahini akaendelea kuningoja kwa upole, kama mtu anayesubiri chenji yake.

Nikaongeza vingine vitano. Nilifaulu, ila siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini wanafunzi wa huku wanajua orodha za maabara kama mashairi.

Jumatatu napokea wapya watatu. Nimeshaongea na muuguzi mkuu wa wodi: damu zitachotwa, lakini kila mmoja wao atatoka chumbani kwa dakika kumi, kwa zamu, aje tumshike mgonjwa pamoja. Amenikubalia wiki ya kwanza tu. Ya pili, amesema, tutaona.