Mnaniuliza Wajapani wanakula nini

Kila nikipiga simu Muheza, lazima atokee mtu ampokonye mama simu aniulize Wajapani wanakula nini hata wakaishi miaka yote ile. Binamu yangu ana jibu lake tayari: samaki na chai ya kijani. Shangazi anasema kuna mizizi wanaificha. Mimi huu ni mwaka wa 11 niko Saku, mkoa wa Nagano, milimani kabisa. Mahali palipo mbali zaidi na bahari katika Japani yote pako humu humu Saku. Na kitu ninachokiona mezani kwa wazee wa hapa kila siku ni mboga za chumvi. Majani ya nozawana hulazwa na chumvi kwenye pipa kabla theluji haijaanguka, yakaliwa mpaka baridi iishe. Aliyezoea papa mkavu wa kwetu hatashangaa.

Chumvi hiyo iliwamaliza. Miaka ya 1960 Nagano ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza Japani kwa vifo vya kiharusi. Watu walianguka wakiwa na miaka hamsini na kitu, sitini, kama alivyoanguka baba yangu uani mwaka 2009, na majirani wakasema amepitiwa na upepo mbaya. Sasa tazama: hesabu za mwaka 2010 ziliiweka Nagano ileile namba moja nchini kwa umri wa kuishi, wanaume miaka 80.88 na wanawake 87.18. Pipa la nozawana bado lipo jikoni. Basi mimi nimeacha kujibu swali la chakula. Nauliza hapo katikati walifanya nini.

Aliyenijibu ni bibi wa nyumba ya pili, ana miaka 88, tunapakana shamba. (Figili zake ni kubwa kuliko zangu, na ananikumbusha hilo kila Novemba.) Zamani naye alipangiwa zamu ya kujitolea afya ya kijiji. Utaratibu huo ulianzia mwaka 1945 upande wa Suzaka, humu humu Nagano, wanawake walipomwona muuguzi mmoja anahangaika nyumba kwa nyumba peke yake wakajitolea kumsaidia. Ukasambaa mkoa mzima. Mtu hutumikia miaka miwili hivi, anafundishwa kupima presha na kusoma majibu, kisha anampisha mwingine. Bibi anasema walikuwa wanaingia jikoni kwa watu na kipimo cha chumvi, wanakitumbukiza kwenye supu ya miso, rojo la soya lenye chumvi. Wenye nyumba walinuna, wengine waliwaficha sufuria. Lakini zamu zikizunguka miaka thelathini, arobaini, kijiji kinajaa wanawake wanaojua presha ni nini, na kila mmoja ana mume na mama mkwe wa kumsumbua.

Hapa Saku palikuwa pia na daktari Toshikazu Wakatsuki, aliyekuja kwenye hospitali ndogo mwaka 1945 akagundua wakulima wanamfikia wakiwa wamechelewa. Akawafuata vijijini. Wakishamaliza kutibu, yeye na wauguzi wake walipanda jukwaani kuigiza michezo ya kufundisha afya. Mwaka 1959 akaanza na kijiji cha Yachiho kupima watu wote kila mwaka, wazima kwa wagonjwa. Miaka miwili baadaye, 1961, bima ya afya ikawa ya kila mtu Japani. Nchi haikuwa tajiri kama mnavyoijua leo kwa magari yake bandarini Dar.

Na walianzia chini. Mwaka 1947 mwanamume wa Kijapani alitarajiwa kuishi miaka 50, mwanamke 54. Sisi Watanzania tulikuwa kwenye hamsini hiyohiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo tumeshavuka 65. Tumekimbia, tusijidharau. Ila vilivyotuvusha ni dawa za ARV, vyandarua na chanjo, na hivyo kwa sehemu kubwa vimeokoa watoto, vijana na wazazi wao. Mzee wa miaka 60 anamalizwa na presha na sukari, na huko bado tunasubiri mtu aanguke ndipo tumkimbize hospitali.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia "sisi Waafrika tunaheshimu wazee" nanyamaza tu. Baba aliamkiwa shikamoo na mtaa mzima kwa miaka mingi, na katika wote hao hakuna aliyewahi kumfunga mkanda wa kupimia mkononi, mimi mwanawe nikiwamo. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Tuna matangazo ukutani ya kumpisha mzee apate huduma kwanza. Mama hupishwa vizuri sana, anafika dirishani wa kwanza, na wa kwanza anaambiwa dawa hakuna, akanunue nje. Zanzibar angalau wametoa pesa: tangu Aprili 2016 kila aliyetimiza miaka 70 anapata Pensheni Jamii, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, haulizwi aliajiriwa wapi. Bara mpaka leo mkulima wa machungwa akizeeka pensheni yake ni watoto.

Msidhani nawasifia Wajapani kila kitu. Wanaishi muda mrefu, lakini kwa takwimu za 2019 mwanamke wa huku anapitisha kama miaka 12 ya mwisho akiwa afya imeshamwekea mipaka, mwanamume karibu 9. Okinawa, mkoa wa visiwa uliosifiwa dunia nzima kwa wazee wake, wanaume waliporomoka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa ya Japani katika hesabu za mwaka 2000. Vijana walihamia kwenye baga na magari. Na kuna neno moja nisingependa likapata tafsiri kwetu: kodokushi, kufa peke yako bila mtu kujua. Mwaka 2024 polisi walihesabu watu zaidi ya 76,000 waliofia majumbani mwao wakiwa wanaishi wenyewe, robo tatu wana miaka 65 au zaidi. Bibi jirani yangu ana binti Tokyo, huja mara mbili kwa mwaka. Siku nisipoona pazia lake limefunguliwa asubuhi naenda kubisha hodi. Muheza mama hawezi kufika saa nne bila watu watano kumwuliza ameamkaje. Hapo hatuna mshindani.

Kwa hiyo sitaki turithi Japani nzima. Nataka wale wanawake wa zamu. Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya laki moja. Nitauamini siku mmoja wao atakapopiga hodi kwa mama akiwa na mkanda wa presha badala ya daftari la kuhesabu watu.

Mwaka jana nilimtumia mashine ndogo ya kupimia, nikampigia kumwelekeza kwa video. Juzi akalalamika betri zimekwisha. Nikashangaa, betri zile hukaa miezi. Kumbe kila Jumapili barazani kwake kuna foleni, anapima watu na kuandika kwenye daftari la mahesabu ya duka. "Mke wa balozi wa nyumba kumi imesoma 180 juu," akaniambia, "na anasema yeye haumwi popote. Nimwambieje, mwanangu?"