Skana, ubani na mkono wa begani

Khalati yangu ana kopo la biskuti limejaa negativu za harusi yake ya miaka ya 1980, zile za rangi zenye wekundu wa machungwa, na picha za karatasi zilizotoka humo zishaliwa na ukungu zote maana Lamu kwa hii hewa ya chumvi karatasi haiishi, na sasa binti yake aolewa na yeye ataka zitolewe upya watu wazione. Kuzipeleka studio Mombasa hataki hata kusikia. Humo ndani mna za ntazanyao, siku ya bibi harusi kuonyeshwa kwa wanawake, amekaa kapambwa, na za ntazanyao haziendi kuangaliwa na kijana wa dukani asiyejulikana ni mtoto wa nani. Ndo ikapitishwa, mimi nikiwa sipo, kwamba mtoto wa dadake ana laptop, basi kazi ni yake.

Skana alinunua binamu yangu huko Mombasa, ya mtumba, ile bapa ya kioo ambayo na kwenye kifuniko ina taa yake ya kupitisha mwanga ndani ya filamu. Akaitia kwa basi mpaka Mokowe, Mokowe ikapanda boti, ikashuka jeti ya Lamu ikapanda punda, na yule punda kufika katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, akaona mkokoteni wa soda akakataa kwenda mbele wala nyuma, nikasimama pale nimeikumbatia skana kama mtoto mchanga huku watu wanipitia pembeni wanaulizana hiyo ni TV ama ni jiko.

Sasa laptop yangu haiendi kwa Windows, ni ya Linux, aina ya Debian, na watu husikia hivyo wakanionea huruma, lakini kwa skana kuukuu hapo ndo mahali pake. Kampuni iliyoitengeneza ishaisahau zamani, dereva lake la mwisho, yani ile programu ya kuiongoza skana, ni la Windows ambayo haipo tena, lakini kule Linux kuna mradi unaitwa SANE ndo unabeba madereva ya skana, na skana ikishaingia mle huwa haitupwi kwa ajili ya uzee. Nikaangalia orodha yao, modeli yangu imo. Nikafurahi. Nikachomeka.

Krrrrrr. Krrrrr tak tak tak.

Khalati akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Chalia nini hicho?" Nikaigeuza juu chini, na kweli kwenye tumbo lake kuna kitufe chenye picha ya kufuli, hizi skana hufungwa kile kichwa kinachotembea ili kisivunjike safarini, nikasukuma upande wa pili, kelele ikaisha. Hiyo ilikuwa rahisi, na kama shida zote zingekuwa na kitufe kwenye tumbo saa hii nisingekuwa naandika haya.

Lsusb, ambayo ndo huonyesha kila kilichochomekwa kwenye USB, yaiona skana, jina na namba zake zote. Sane-find-scanner, komandi ya SANE ya kutafuta skana, yaiona. Naandika scanimage -L, ambayo ndo yenyewe ya kuuliza skana gani ziko tayari, yaniambia hakuna skana iliyotambuliwa. Na haiishii hapo, ile komandi ina maneno, yaendelea kukwambia kwamba kama ulitarajia kitu tofauti basi hakikisha skana imechomekwa na imewashwa. Yani kwa sauti ya mkwe. Imechomekwa, mama. Imewashwa, taa ile pale. Nikahamisha waya kutoka tundu la buluu la USB 3 kwenda tundu jeusi maana skana za zamani wakati mwingine haziipendi USB mpya, bado. Nikaandika ileile kwa sudo, yani nauliza kama mwenye mashine, ikatoka papo hapo! Skana ipo, nzima, haina neno.

Anayejua Linux hapo keshaelewa. Ikionekana kwa sudo na bila sudo haionekani basi skana haina ugonjwa, ni ruhusa tu, yule mtumiaji wa kawaida, ambaye ni mimi, hajakubaliwa kugusa kile kifaa. Dawa yake nikajitia kwenye kundi linaloitwa scanner, komandi moja, ikakubali kimya. Lakini sharti lake ni kwamba kundi jipya halihesabiki mpaka utoke kwenye akaunti uingie upya. Nami kidole changu kiko njiani kwenda kubonyeza kutoka, wallahi kiko njiani, Khalati huyo aingia na chetezo.

"Hiki kimetiwa mato," asema. "Tangu hapo jeti watu wakikiangalia. Ondoka nikifukize."

Ubani, na udi juu yake, na kitu kingine sikijui kilikuwa chapasuka kama pilipili. Akazunguka skana, akazunguka laptop, akanizunguka mimi, moshi mpaka boriti hazionekani, akafukiza mpaka waya. Na hapohapo stima ikapotea. Betri ya ile laptop ilikufa zamani, yaishi kwa waya tu, ikazima puu. Khalati akasema alhamdulillah, kimetoka.

Stima kurudi nikawasha, nikaingia kwenye akaunti, nikaandika scanimage -L bila sudo, skana hii hapa.

Jamani nilijieleza. Nilieleza habari ya kundi, habari ya ruhusa, nikamwambia Khalati laptop ilipozima na kuwaka ndo niliingia upya na ndo kundi likahesabika, akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akanipapasa kichwa akasema ndiyo mwanangu, na ubani. Ami, mumewe, alikuwa nje kwenye daka na wazee wenziwe na birika la kahawa, akawapelekea habari kwamba mashine ilikataa kwa mtaalamu ikakubali kwa ubani. Kufika alasiri mtaa wa Langoni wote una habari. Kesho yake kukaletwa printa. Kwa punda. Mwenyewe hakuniangalia hata usoni, aliuliza Khalati yuko. Na ile printa ilikuwa imekwama karatasi tu, naamini kabisa iliteguka kwa kule kurushwarushwa na punda, lakini ilifukizwa, ikawashwa, ikachapa. Sasa wewe bishana na hapo.

Tukaja kwenye filamu zenyewe. Mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia akafukuzwa kwa sababu ya ntazanyao, tukabaki mimi na Khalati, na Ami mlangoni yuasinzia na kofia imemshuka mpaka nyusini.

Picha ya kwanza, kabla hata sijaigeuza, ilitoka nyeusi tii. Hii huwapata wengi, kwenye kifuniko kuna ubao mweupe wa kuakisia mwanga unaposkani karatasi, usipoutoa, taa ya juu yafunikwa, filamu haipati mwanga wowote, nao ubao ulikuwa umeganda kwa chumvi mpaka nikaung'oa kwa kisu cha siagi. Khalati tayari alikuwa amesimama kwenda kuchukua chetezo. Nikamwambia Khalati tafadhali, kaa.

Baada ya hapo picha ikaja, na Khalati ni wa buluu. Bibi harusi wa buluu, maua ya buluu, hina ya buluu. Ule wekundu wa machungwa wa negativu za rangi ndo huleta hivyo, ukigeuza negativu kuwa picha bila kuuondoa wageuka buluu, na kwenye XSane, programu ya kuskania, unaweza kuchagua mpangilio ulio karibu na aina ya filamu yako halafu ukanyoosha rangi kwa mkono. Nikanyoosha, nikanyoosha, mara uso wake ukarudi. Kijana kweli. Khalati alinyamaza hapo, na mimi katika maisha yangu sijamuona kunyamaza. Halafu akasema, "Subhanallah, shingo ile." Akaondoka akarudi na chetezo, safari hii si kwa ugonjwa ni kwa furaha, na mimi ningemkatazaje.

Basi kifuniko kiko wazi nabadilisha ukanda wa filamu, moshi wapanda kwenye boriti. Naweka ile picha anayoitaka kuliko zote, yeye na Ami wamekaa pamoja mara ya kwanza, Ami na joho na kilemba. Nafunga. Napitisha kwanza ile ya kuonja, ya haraka, safi kabisa, hamna kitu. Naweka 2400 dpi, yani nukta 2400 kwa kila inchi. Fremu moja ya filamu ni milimita 24 kwa 36 tu, lakini kwa 2400 hukupa picha ya pikseli kama 3400 kwa 2270, yatosha kuchapwa kubwa na kutiwa ukutani, ila hapo skana haina haraka tena, kile kichwa chatembea mstari kwa mstari, waweza kwenda ukanywa chai. Tukasubiri. Ikaisha. Nikafungua.

Begani kwa Ami mna mkono.

Mkono mweupe. Si mweupe wa mtu, mweupe pee, hauna damu, watokea pembeni ya picha, mrefu kupita kiasi, na vidole vitano vimepanuka vimetuna nchani, vimemshika Ami bega upande ule ambao Khalati hayuko. Na pale pembeni ulikotokea mkono pana kitu kama kipaji cha uso, cheupe nacho, chachungulia.

Nywele zilinisimama. Khalati hakusema jini. Mimi nilidhani atasema jini, ubani aliokwisha kuuchoma ulitosha kuhamisha majini wa kisiwa kizima, lakini yeye aliinama mpaka pua karibu iguse skrini, akauangalia ule mkono, akaangalia lile bega, akageuka taratibu kule mlangoni.

"We bwana."

"Naam," Ami akazinduka.

"Ndoo hapa uniambie. Nani huyu aliyekuweka mkono siku ya harusi yangu?"

Ami miwani yake ilikuwa nje kwenye daka. Akaja, akakunja mato, akaona bega lake na weupe ubavuni. Akanyamaza kidogo. Akasema kwa upole kabisa:

"Mamangu, yale yalikwisha zamani."

Hakuna aliyepumua. Nami katika kutafuta pa kuweka macho yangu nikayaweka kwenye skana, na kutoka chini ya kifuniko chake nikaona mkia. Kamkia kadogo. Nikafungua, na pale juu ya filamu, karibu na taa yenye joto lake, kijusi kimoja hiki, mtoto wa mjusi, kimekwepa moshi wa kwenye boriti kikateremka ukuta na kujifichia mle. Yani kila kitu kikawa wazi. Chochote kinachoziba mwanga juu ya negativu huonekana cheusi, na negativu ikigeuzwa kuwa picha kile cheusi ndo huwa cheupe, na kwa kuwa skana husoma mstari kwa mstari, kijusi kilikuwa chatembeza mkono wakati kichwa cha skana chapita chini yake, ndo mkono ukavutika ukawa urefu ule. Ile ya kuonja ilikuwa safi kwa sababu kilikuwa hakijafika bado!

Nikaeleza haya yote nikiwa nimekiinua kijusi kwa karatasi, kwa furaha ya mtu aliyeokoa ndoa. Khalati alikiangalia. Nikakionyesha vidole vyake, vitano, vimetuna nchani, nikaviweka karibu na skrini alinganishe. Akalinganisha. Nikaskani upya mbele yake, bega la Ami likatoka tupu, kilemba kimekaa sawa, picha nzuri ajabu.

"Sawa," akasema Khalati. "Mjusi nimemuona." Akavuta kiti akakaa mbele ya Ami, akaweka chetezo chini kati yao.

"Sasa wewe ulidhania ni nani?"

Ami alisema adhuhuri ishaadhiniwa, lazima awahi jamaa. Ilikuwa saa nne asubuhi.