Watoto wa Kengeleni na wageni wa wiki mbili

Kondakta wa matatu anapoita "Kengeleni!" katika barabara ya Nyali, hapa Mombasa, abiria hushuka bila kufikiri kwamba jina hilo linatokana na kengele halisi. Kengele hiyo ni ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamishonari wa CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza, katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wengi wao wakiwa watoto. Mimi hufundisha watoto kanisani kila Jumapili, na jina la kituo hicho hunirudisha kwenye swali ambalo wageni wetu kutoka ng'ambo hawaliulizi mara kwa mara: mtoto aliyehudumiwa na misheni huwa nani baadaye, na katika kanisa la nani?

Walioijenga Freretown hawakuwa Wazungu peke yao. Kulikuwa na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, yaani watoto waliokombolewa baharini wakapelekwa India, wakalelewa na kusomeshwa na misheni karibu na Nasik, kisha wakarejea pwani wakiwa watu wazima wenye kusoma, kuandika na ufundi mikononi. Jacob Wainwright, aliyesoma sala za mazishi ya David Livingstone, mmishonari na mvumbuzi Mskoti, mwaka 1873 na kuusindikiza mwili wake hadi London, alitoka katika shule hiyo. William Jones naye alitoka huko, akapewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huohuo akafuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda ambayo askofu hakurudi.

Zanzibar nako, mwaka 1864, Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyotokana na vyuo vikuu vya Uingereza, wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alikuwa shemasi miaka kumi na mitano baadaye. Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mdogo na kusomeshwa Kiungani, shule ya misheni hiyo Zanzibar, akawa kasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hilo, akalichunga kanisa la Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wayao wenzake.

Sisemi haya ili kuzipamba misheni zile. Watoto walipewa majina mapya kana kwamba ya mama zao hayakufaa, na Freretown yenyewe iliwahi kulaumiwa kwa viboko walivyochapwa wakazi wake. Ninachokishikilia ni kimoja: kazi ile ilikuwa ndefu. Aliyempokea mtoto mwaka huu alijua kwamba huenda akawa naye miaka kumi, na kwamba mwisho wa safari ni mtoto huyo kusimama madhabahuni au darasani akiongoza wengine, mara nyingine akiwaongoza hata wale waliomlea.

Safari ya kimisheni ya leo mara nyingi huchukua wiki mbili. Kundi linakuja likizoni na mabegi ya kalamu, puto na fulana za rangi moja, linafundisha nyimbo zenye ishara za mikono, linapiga picha nyingi mno, na linaondoka wakati watoto wamekwisha kuyazoea majina ya wageni. Jumapili inayofuata mwalimu wa siku zote, ambaye halipwi chochote na ambaye huwajua watoto wote na nyumba wanazotoka, anaulizwa na mtoto wa miaka mitano wageni watarudi lini. Mimi nimeulizwa hivyo, na sikuwa na jibu. Kundi moja lililotutembelea lilibadili ratiba yetu yote bila kutuuliza walimu, tukawa watu wa kupanga viti katika darasa letu wenyewe.

Hatari ni kubwa zaidi pale wageni wanapofungua makao ya watoto. Wengi wa watoto wanaoishi katika makao ya namna hiyo duniani wana mzazi hai au ndugu wa karibu. Kilichowatoa nyumbani ni umaskini, na sadaka zikija kwa hesabu ya vitanda, vitanda havikosi wa kuvilalia. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na sasa inafuata mpango wa miaka kumi, ulioanza mwaka 2022, wa kuwarejesha watoto katika malezi ya familia. Baadhi ya Wakristo waliona uamuzi huo kama uadui dhidi ya huruma. Kwa maoni yangu serikali hapo ilikuwa karibu na Injili kuliko wao, kwa sababu kanisa la mahali lina shangazi, bibi na majirani wanaoweza kumlea mtoto, wakisaidiwa karo na unga.

Kwa hiyo anayetaka kuja kwetu kwa ajili ya watoto, aje, lakini aandike barua kwa mchungaji mapema na aulize walimu wanahitaji nini. Hapa petu jibu litakuwa Biblia za Kiswahili zenye maandishi makubwa, nauli ya walimu wawili kwenda mafunzoni, na karo ya kijana mmoja wa darasa langu anayetamani kuwa mwalimu. Akifika, ataketi mkekani pamoja na watoto, na somo atafundisha mama yuleyule aliyefundisha Jumapili iliyopita.